Mbegu ya Namkunda

Saa saba mchana, saa ambayo Mkongeni nzima hufunga milango na hata mbuzi hujibanza kwenye kivuli cha tangi la maji, muuguzi Mbonea alipiga hodi nyumbani kwa Bibi Namkunda.

Namkunda alikuwa akigeuza makande jikoni. Alipomwona mlangoni, uso umemkauka na macho yamemwiva, alijua kwamba ametembea juani kutoka kituoni bila kusimama popote. Mtu aliyepandwa mbegu haanguki kirahisi kwa jua la nyuzi arobaini na nane, lakini hakuna anayeliendea bila sababu. Shingo huwaka, mdomo hujaa ladha ya chuma kama umelamba ufunguo, na hapo unajua kwamba walezi wameamka ndani yako na wameanza kazi.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Sikai, Bibi."

"Maji, basi."

"Na maji pia, acha tu." Mbonea alimtazama Naetwe, mjukuu wa miaka minane, aliyekuwa amelala kwenye saruji, kiganja kimoja juu ya kifua. "Daktari anakuita. Majibu ya damu yako yamekuja."

"Majibu gani ya kunitoa nyumbani saa hizi? Mimi siumwi."

"Ndiyo, Bibi. Huumwi," alisema Mbonea, akatazama pembeni.

Namkunda aliepua sufuria ingawa maharage yalikuwa bado magumu. Alimwita jirani amtazamie mtoto, akajitanda kanga aliyoichovya majini, wakatoka. Njia nzima Mbonea alishika mwavuli juu ya kichwa cha bibi, yeye mwenyewe akiungua. Namkunda aliliona hilo akashukuru kimoyomoyo, kisha akaanza kuogopa. Mbonea alikuwa mtu mwema tangu ujana wake, lakini wema wa leo ulikuwa umezidi kipimo.

Kituoni, Daktari Ndeshi alikuwa ametandika koti lake jeupe juu ya benchi la chuma ili lisimchome mgeni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mchaga wa Rombo, mwenye miezi minne tu pale bondeni.

"Bibi, nyie Wapare mnaficha hata kikohozi," alianza.

"Na nyie Wachaga mngekiuza."

Walicheka wote watatu, kicheko kifupi kilichokatika chenyewe. Daktari alivuta kiti akakaa mbele ya Namkunda, magoti yakikaribia kugusana.

"Unamjua Tumsifu, binti wa Nanzia?"

"Nitaachaje kumjua? Nilimpakata akiwa na wiki tatu."

"Ana saratani ya damu. Amelazwa tangu juzi. Kadi yake inasema alipandwa mbegu ya mtu aitwaye Eliamini. Nimezipima seli zinazomuua. Si za Tumsifu mwenyewe, wala si za Eliamini. Ni zako, Bibi."

Namkunda alimgeukia Mbonea. Mbonea alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Zangu zimeugua zilipofika kwake?"

"Ziliugua kwako, kabla hujampa. Kwako zimelala. Kwake zimeamka."

*

Miaka ishirini na minne iliyopita, jua lilipoanza kuua watu wakiwa wamekaa vibarazani mwao, mbegu zililetwa bondeni kutoka maabara ya mbali. Zilikuwa seli za uboho, zile zinazokaa ndani ya mfupa na kuzaa damu, ila hizi zilikuwa zimefundishwa jambo moja zaidi: joto likipanda, ziite walezi kwa wingi na kuwasambaza mwili mzima.

Walezi ni protini. Kila mtu anao, hata aliyekaa mlimani kwenye ubaridi. Kazi yao ni kuzishika protini nyingine zisijikunje ovyo na kuganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Jina hilo la walezi lilitoka kwa akina mama wenyewe, walipoelezwa mambo hayo kwa mara ya kwanza, na likabaki hivyo hadi leo.

Dozi za watu wazima zilikuwa arobaini tu. Namkunda alikuwa miongoni mwa waliokubali kudungwa, na wanne kati ya waliofuatana naye walikufa. Waliopona walitakiwa kuwapa watoto wachanga: sindano kwenye mfupa wa nyonga, kijiko kimoja cha uboho, mtoto asiwe amefikisha mwaka. Mtoaji mmoja, watoto watatu, basi. Sheria hiyo ilibandikwa ukutani, na sababu yake haikuandikwa.

Sasa, watoto wa watoaji wengine walilivumilia jua, lakini siku za joto kali mmoja mmoja bado alianguka. Wa Namkunda hakuanguka hata mmoja. Watatu wake wa kwanza walicheza mchangani saa saba mchana, na watu wakawachungulia madirishani kama wanaotazama sinema. Miezi sita haikupita, mama mmoja aliyekwisha kuzika wawili akaja na wa tatu mgongoni, akapiga magoti mbele ya kituo. Alitaka mbegu ya Namkunda, si ya mwingine.

Angesemaje hapana? Mbonea naye alikuwa kijana mgeni kazini, na machozi ya wanawake yalimshinda. Aliandika kwenye kadi jina la mtoaji mwingine ambaye hakuwa amemaliza watatu wake, kisha akavuta pazia. Akaja wa tano. Akaja wa tisa. Wengine walitembea siku nzima kutoka vitongoji vya mbali, na Namkunda aliwapikia uji wakati nyonga yake bado inamuuma. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye na Mbonea hawakuwahi kuona kwamba wanafanya kosa. Waliona wanasaidia watu.

"Ndiyo maana hawakuanguka," Daktari Ndeshi alimweleza Namkunda siku ile ya majibu, taratibu, bila kukaripia. "Seli iliyoharibika ni kama nyumba iliyojengwa upogo. Ingeachwa yenyewe ingeanguka. Kila seli ina amri ndani yake: ukiharibika, kufa. Lakini walezi wakiwa wengi, wanaishikilia kuta zisianguke, na amri wanaizuia isifike. Kwa hiyo seli yenye saratani huita walezi wengi kuliko seli nzima. Inawahitaji ili isimame. Zako zilikuwa zimeshapinda mapema, Bibi, zikaita walezi tele, na watoto wakafaidi. Ile nguvu watu waliyoipenda ndiyo ugonjwa."

"Na mimi mbona niko mzima?"

"Sijui. Mwili wako umezinyamazisha. Huenda zitalala mpaka utakapokwenda kwa Mungu kwa kitu kingine kabisa."

Nje, bati la paa lilikuwa likialika kwa joto.

"Ulitoa kwa watoto wangapi?" daktari aliuliza.

Mbonea alikohoa. Yeye hakuwa amewaandika popote, si kwenye karatasi wala kwenye mashine. Kadi zilisema uongo. Katika bonde zima, majina yale yalikuwa mahali pamoja tu, kichwani mwa Namkunda, maana hakuna mtoto hata mmoja kati yao ambaye hakuwahi kwenda kumtazama, kumnunulia pipi, kumuuliza mama yake kama analala vizuri.

Thelathini na mmoja. Na wa mwisho alikuwa Naetwe.

"Nipe hadi kesho, mwanangu," alisema.

*

Kesho yake asubuhi aliomba kwanza amwone Tumsifu.

Chumba cha baridi kilikuwa nyuma ya kituo, nusu kimechimbwa ardhini, chenye milango miwili ya kufuatana na vitanda sita. Daktari alimvalisha sweta la sufu, la aina ambayo Namkunda hakuwa ameivaa tangu alipokuwa msichana. Alimsimamisha nyuma ya kioo.

Tumsifu alikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa maneno mengi, mshonaji. Alikuwa amelala amefunikwa hadi kidevuni, mrija ukiingia mkononi. Alipomwona bibi alipunga vidole viwili.

"Bibi! Umeniletea makande?" Sauti yake ilitokea kwenye spika ndogo ukutani.

"Hukuyapenda tangu ukiwa mdogo."

"Nimeyakumbuka huku kwenye friji. Mwambie mama asinishonee sanda, mimi ndiye fundi, atanikosea vipimo."

"Mdomo huo," alisema Namkunda, na akajitahidi kucheka mpaka alipogeuka.

Daktari alimweleza matibabu wakiwa wamesimama pale pale. Kulikuwa na dawa ya kuwazima walezi. Kwa siku tisa mgonjwa hubaki hana walezi, si wa mbegu tu bali hata wale aliozaliwa nao wanapungua sana. Seli za saratani, zilizozoea kushikiliwa, hukosa pa kuegemea, na hapo ndipo dawa kali ya pili huziangusha. Mbegu yote hufa pamoja nazo. Akipona, atakwenda kuishi mlimani mpaka apandwe upya.

"Inafanya kazi?"

"Kwa Tumsifu inafanya. Nimepima leo alfajiri, zimepungua nusu."

"Na hawa wengine, ambao zimelala kwao?"

Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Hapo ndipo sina jibu zuri. Zinaweza zisiamke kamwe. Zinaweza kuamka mwezi ujao. Zikishaamka huenda haraka kuliko nilivyowahi kuona popote, na nina vitanda sita. Zikiwa bado chache, naziondoa kwa urahisi. Kwa hiyo ningependa kumtibu kila mmoja kabla ya Januari, maana kwa joto la Januari sitaweza kukiweka chumba hiki kwenye ubaridi. Na wote wasimpe mtoto mwingine mbegu hiyo. Wakubwa wao sasa wamefika umri wa kutoa. Wawili wameshaomba zamu."

Namkunda aliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa baridi mpaka kikamuuma.

"Mtu mwenye moyo mbovu, je? Akizimiwa walezi?"

Daktari Ndeshi alikuwa akimtibu Naetwe kila mwezi. Alilijua tundu lililokuwa kwenye moyo wa mtoto yule kuliko alivyoijua barabara ya kwenda kwao. Alijua pia kwamba mama yake Naetwe alianguka kwa joto wiki moja kabla ya siku zake za kujifungua, wakamtoa mtoto tumboni mama akiwa ameshakata roho, na kwamba bibi huyu hana mwingine duniani.

"Moyo wa namna hiyo unawaegemea walezi kila pigo," alisema mwishowe. "Nikiweka watoto wawili wa hivyo humu ndani, nategemea kumtoa mmoja tu akiwa hai."

"Na nisipomweka?"

"Damu yake ya wiki iliyopita nimeipima upya. Zimelala. Zimelala fofofo." Kisha daktari alifanya jambo ambalo Namkunda hakulitegemea. Alimshika bega, akainama karibu na sikio lake, akasema kwa sauti ya mtu anayempisha mwenzake kwenye foleni: "Bibi, kadi ya Naetwe ina jina la mtu mwingine. Mimi nitaandika majina utakayonitajia wewe. Usiyenitajia, simjui."

Ulikuwa wema mkubwa. Namkunda aliupokea kifuani kama mtu anayepewa maji, akatoka nje kwenye mwanga mkali.

*

Usingizi wa mchana ule haukumjia. Alikaa kizingitini akimwangalia Naetwe akichora chini kwa kijiti.

"Bibi, kwa nini unanitazama hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama nimevunja kitu."

"Hujavunja kitu, mama. Chora."

Alijaribu kuhesabu kwa upande huu na kwa upande ule. Akimtaja, huenda anamuua kwa kinywa chake. Akinyamaza, huenda mtoto akaishi miaka mingi, na huenda asubuhi moja akaamka ana michubuko miguuni kama Tumsifu, vitanda vikiwa vimejaa, Januari ikiwa imeingia. Huenda. Kila upande ulikuwa na huenda yake, na hakuna aliyeweza kumpimia ipi nzito.

*

Akina mama walikuja siku ya tatu, saa mbili asubuhi, kabla jua halijashika. Mbonea alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba kwa pikipiki, akiita kila mama mwenye mtoto aliyepandwa, mbegu iwe ya nani. Walijaa ukumbi wa kituo, wengine wamefuatana na vijana waliokwisha kuota ndevu. Nanzia, mama wa Tumsifu, alikuwa amechemsha chai ya tangawizi kwenye birika kubwa akawamiminia watu wote, yeye ambaye mwanawe alikuwa ukuta wa pili pale.

Namkunda alisimama akasema. Hakuzunguka. Aliwaambia mbegu yake ni mbovu, ilikuwa mbovu tangu zamani, na ndani ya kila mtoto aliyempa kuna ugonjwa uliolala. Aliwaambia sheria ya watoto watatu ilikuwa na maana na yeye hakuifuata. Mbonea alisimama pembeni yake akasema, "Na mimi ndiye niliyevuta pazia."

Mwanamke mmoja mnene aliyevaa kitenge cha kijani akacheka.

"Dada Namkunda, jua limekupiga nini? Mbegu yako haijawahi kumwangusha mtoto! Ndugu zake huyu wanne walipandwa na wengine, nimewazika wawili. Huyu wako ndiye anayenichotea maji saa sita. Leo unaniambia ni mgonjwa?"

"Ndiyo, Mama Kajiru."

"Mimi sikubali."

"Mimi nilikuwa nakuja kukuomba," alisema mwingine kutoka nyuma, msichana hasa, kichanga kikiwa kifuani, na sauti yake ilikuwa ya aibu. "Huyu ana miezi miwili. Mama mkwe alisema nisikubali ya mtu mwingine. Hata kama ina ugonjwa, Bibi, si umesema umelala? Jua halilali."

Namkunda alimtazama yule binti. Ndivyo walivyokuwa wakisema wote, miaka yote, kwa sauti hiyo hiyo. Angeweza kumpa hata sasa, na angeshukuriwa.

"Sitakupa, mwanangu. Kamtafute mtoaji mwingine leo hii, Mbonea atakupeleka."

Daktari alifungua daftari. Namkunda akaanza kutaja, na kila jina lilipotajwa mama mmoja alishusha pumzi, au alimvuta kijana wake karibu, au alikaa chini. Tumsifu wa Nanzia. Kajiru. Mapacha wa marehemu Eliaichi. Senzighe, fundi baiskeli. Alitaja polepole, kwa sababu kila jina lilikuja na siku yake: mvua iliyokuwa ikinyesha, rangi ya nepi, mama aliyesahau kiatu kimoja kwa furaha. Alifika ishirini. Alifika ishirini na tisa. Alimtaja wa thelathini, mtoto wa kitongoji cha juu aliyekuwa na miaka tisa sasa, akanyamaza.

"Hao ndio wote?" aliuliza Daktari Ndeshi bila kuinua macho.

"Na Naetwe je?" Ilikuwa sauti ya Mama Kajiru, kali. "Naye si ulimpanda wewe? Au sisi tupeleke wa kwetu kwenye friji, wa kwako abaki akila makande?"

Kabla Namkunda hajafungua kinywa, Nanzia aliweka birika chini.

"Naetwe si wa mbegu yake," alisema. "Alipandwa na Eliamini. Mimi nilikuwepo."

Hakuwepo. Siku ile Nanzia alikuwa msibani, akimwosha mama yake Naetwe.

"Kadi inasema hivyo," alidakia Mbonea haraka. "Eliamini. Ninayo ndani, naweza kuileta."

Daktari aligeuza ukurasa kama mtu aliyemaliza.

Namkunda aliwatazama mmoja mmoja. Nanzia, mwenye mtoto asiyejulikana kama atatoka, akimkinga mtoto wa mwenzake. Mbonea na macho yake mekundu. Daktari wa watu, aliyekula kiapo, akiinamia daftari. Wote walikuwa wamemzunguka wakamshika asianguke, na hakuna aliyekuwa ameuliza wanachokishika ni kitu gani. Alihisi joto lao. Lilikuwa tamu mno. Alielewa, kwa mwili wake wote, jinsi seli moja mbovu inavyoweza kuishi miaka ishirini na minne.

Nyuma kabisa yule binti alikuwa bado hajatoka. Alikuwa akimngoja Namkunda, kichanga kikinyonya. Kama Naetwe angeweza kuachwa, kwa nini wake asiweze kupewa?

"Nanzia, Mungu akulipe," alisema Namkunda. "Lakini hukuwepo. Daktari, fungua pale uliposimama. Thelathini na mmoja. Naetwe, wa marehemu Eliapenda, mwanangu. Nilimpa mimi, siku aliyozaliwa."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kabla haijaandika. Mama Kajiru alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Baadaye, watu walipotawanyika, alimfuata Namkunda hadi getini, akataka kusema kitu, akashindwa, akaishia kumwekea kanga yake sawasawa kichwani.

*

Tumsifu alitoka siku ya tisa kwa miguu yake, amekonda, anaongea. Walioingia baada yake walikuwa kumi na mmoja. Tisa walitoka. Mmoja bado alikuwa ndani. Senzighe fundi baiskeli, kijana wa mapaja kama magogo ambaye hakuna aliyemwogopea, moyo wake ulisimama siku ya nne, mchana kweupe, akiwa anasimulia mpira. Mama yake alimkuta Namkunda kwenye maziko, akamwamkia "Shikamoo" kama kawaida.

Kisha ikafika zamu ya Naetwe.

Milango miwili ilifungwa nyuma yao. Mtoto alisimama katikati ya chumba, ndani ya sweta lililomfika magotini, akafungua mdomo kwa mshangao.

"Bibi! Natoa moshi!"

Alipuliza tena na tena, akaufukuza moshi wake kwa mikono, mpaka Daktari Ndeshi alipomwambia apande kitandani asije akachoka. Sindano aliivumilia. Dawa ya kuzima ilikuwa ya rangi ya maji, na iliteremka kwenye mrija tone moja moja bila haraka.

Daktari alirudia sheria, mara ya pili siku ile, safari hii akimtazama Namkunda peke yake. Mtu mwenye walezi wa mbegu hubeba joto mwilini kuliko wengine, na mwili uliozimiwa walezi hauwezi kulibeba hata kidogo; mguso mmoja tu unaweza kuusimamisha moyo wa Naetwe. Kwa hiyo kwa siku tisa, hakuna wa kumgusa mtoto ila yeye daktari, aliyezaliwa mlimani na hakupandwa. Bibi angekaa kwenye kiti kile, hatua mbili kutoka kitandani. Asisogee.

"Nimeelewa," alisema Namkunda.

Daktari alitoka kwenda kumwona mgonjwa wa pili. Mbonea alibaki nje ya kioo.

Robo saa ilipita. Rangi ya midomo ya Naetwe ilibadilika kidogo, ikawa kama ya zambarau inayoanza kuiva. Aliacha kuuchezea moshi wake. Mashine kichwani pake ililia, ikanyamaza, ikalia tena kwa nafasi ndefu zaidi.

"Bibi."

"Niko hapa."

"Kifua kimekuwa kizito."

"Najua, mama. Pumua polepole. Daktari anakuja."

"Nishike mkono."

Namkunda aliinua macho. Nyuma ya kioo, Mbonea alikuwa ameshabonyeza kengele ya kumwita daktari, na sasa alikuwa akimtazama. Macho yao yalikutana. Kisha Mbonea, taratibu, kwa heshima zote, akageuka akawapa mgongo ili asione.

Ilikuwa hatua mbili tu. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshanyooshwa nje ya blanketi, vidole vimefunguka, vinangoja.

"Bibi? Nishike."

"Nakuona, mama," alisema Namkunda. "Nakutazama. Sitoki hapa."

Akaikalia mikono yake.